Somo la Uchumi: Fedha ya Mavuno Inakwenda Wapi?



Neno "uchumi" tunalisikia kila siku redioni. Uchumi umekua, uchumi umeyumba, wataalamu wa uchumi wamekutana. Ukilisikia hivyo unaweza kudhani ni jambo la watu wa mjini waliovaa tai. Lakini hebu tulitazame neno lenyewe. Limetokana na kuchuma. Mtu huchuma machungwa, huchuma kisamvu, huchuma mali. Basi uchumi ni habari ya kuchuma, na baada ya kuchuma, kugawa: kipi kiliwe, kipi kiuzwe, kipi kiwekwe, na kipi kirudi shambani. Mama mwenye debe moja la unga na wiki mbili mbele yake anafanya kazi ya uchumi, hata kama hajawahi kulitamka neno hilo.

Wataalamu wa uchumi wana vitabu vyao. Vingi ni vinene, vimejaa hesabu na michoro, na hata sisi tuliopita chuo cha ualimu tukivifungua tunavifunga upesi. Lakini vipo vingine ambavyo wameviandika ili watu wote wavisome. Leo tutaangalia vichache vya namna hiyo. Vimeandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo tutaeleza yaliyomo kwa lugha yetu. Msiyakubali yote kwa kuwa yametoka kitabuni. Yapimeni kwa mambo mnayoyaona kijijini.

MBOLEA YA BUSIA

Mwaka 2011 kilitoka kitabu kiitwacho Poor Economics. Jina hilo lina fumbo kidogo. Laweza kusomeka "uchumi wa maskini", na pia laweza kusomeka "uchumi hafifu". Waandishi ni mtu na mkewe, Abhijit Banerjee, aliyezaliwa India, na Esther Duflo, aliyezaliwa Ufaransa. (Wakati wanakiandika walikuwa hawajaoana bado, lakini hilo si somo letu.) Mwaka 2019 wawili hao, pamoja na mwenzao Michael Kremer, walipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi.

Kazi yao ilikuwa ya namna hii. Badala ya kukaa ofisini na kubishana kwa nini maskini hufanya hivi au vile, walikwenda vijijini kujaribu. Kama bwana shamba anavyolima vishamba viwili vya mfano, kimoja kwa mbolea na kingine bila mbolea, wao walifanya hivyo kwa mambo ya watu. Kundi hili la vijiji lipate msaada fulani, kundi lile lisipate kwanza, halafu tulinganishe.

Moja ya kazi hizo ilifanyika Busia, magharibi ya Kenya, kwa wakulima wa mahindi. Duflo, Kremer na mwenzao Jonathan Robinson waliwaomba wakulima watenge vipande vya shamba. Kipande kimoja kiliwekwa nusu kijiko cha chai cha mbolea ya kukuzia kwa kila shimo. Mavuno yalipopimwa, ikaonekana kwamba kwa wastani kila shilingi 100 iliyonunua mbolea ilirudi yenyewe, tena ikaleta shilingi 36 juu yake, katika msimu mmoja tu.

Hapo kuna jambo la kutazama vizuri. Nusu kijiko kililipa. Kijiko kizima hakikulipa kama nusu kijiko. Na ule mpango mzima uliokuwa ukishauriwa na wizara, yaani mbegu chotara, mbolea ya kupandia na ya kukuzia kwa kipimo chote, haukumlipa mkulima wa kawaida wa pale. Gharama ilizidi faida. Sisi tunaofundisha watu wazima tunalipenda sana jambo hili. Mara nyingi mkulima akikataa ushauri huitwa mbishi au mjinga. Kumbe wakati mwingine amepiga hesabu yake kimya kimya na imetoka sawa. Lakini msituelewe vibaya. Vipimo hivyo ni vya Busia, kwa udongo wa Busia na kwa bei za wakati ule. Shamba lako lina udongo wake.

Basi kama nusu kijiko kinalipa, kwa nini wakulima wengi hawakuwa wakinunua? Wengine watasema hawajui. Lakini hawa waliona kwa macho, katika shamba lao wenyewe. Walipoulizwa kama watatumia mbolea msimu unaofuata, karibu wote walisema ndiyo. Msimu ulipofika, waliotumia kweli hawakufika hata 40 katika kila 100.

Wengine watasema hawana fedha. Hapo tumekaribia, lakini bado. Mkulima huwa na fedha. Huwa nayo baada ya mavuno. Tatizo ni kwamba mbolea ya kukuzia inatakiwa miezi kadhaa baadaye, na hapo katikati zipo safari nyingi: ada ya shule, deni la dukani, msiba, harusi ya mtoto wa mjomba, bati lililotoboka, na kreti la soda siku ya sikukuu. Hakuna hata moja kati ya hayo lililo la kipumbavu. Lakini yakishapita, fedha ya mbolea imekwenda nayo.

Methali yetu husema akiba haiozi. Ni kweli haiozi. Lakini huombwa. Ukiwa na noti ndani ya nyumba na shemeji akaja anaugulia mtoto, utasema huna? Ukiwa na mfuko wa mbolea pembeni ya kitanda, hakuna shemeji atakayeuomba aende nao hospitali.

Watafiti wa Busia wakajaribu jambo moja dogo. Walituma watu wapite kwa wakulima mara tu baada ya mavuno, wakati fedha bado ipo mkononi. Mkulima angeweza kununua hati ya mbolea siku hiyo hiyo, kwa bei ile ile ya dukani, bila kupunguziwa hata senti. Nafuu ilikuwa moja tu: angeletewa mbolea nyumbani bila nauli. Waliotumia mbolea wakaongezeka karibu kwa nusu au zaidi. Kundi jingine liliachwa mpaka wakati wa kuweka mbolea, nalo likauziwa kwa nusu ya bei. Matokeo ya makundi hayo mawili yalikuwa karibu sawa. Yaani kuuza kwa wakati wenye fedha kulifanya kazi sawa na kupunguza bei kwa nusu.

Someni tena sentensi hiyo polepole. Ndiyo kiini cha kitabu hicho kwa mkulima.

GUNIA LILILOPOTEA

Kabla hatujaendelea, tupige hesabu moja ya mfano. Tuseme nyumba fulani ina shida ya fedha wakati wa mavuno. Inauza magunia 3 ya mahindi kwa shilingi 40,000 kila gunia. Inapata shilingi 120,000. Miezi inapita, kihenge kinakauka, na nyumba hiyo inarudi sokoni kununua chakula. Sasa gunia moja ni shilingi 60,000. Kwa shilingi 120,000 watapata magunia mangapi? Mawili. Waliuza matatu, wamenunua mawili. Gunia moja limepotea, na wala halikuliwa na panya wala dumuzi.

Mambo haya hutokea kweli. Wataalamu wengine waliochunguza magharibi ya Kenya waliandika mwaka 2019 kwamba bei ya mahindi ilipanda mara nyingi kwa robo au zaidi kutoka mavuno hadi miezi ya upungufu, na kwamba wakulima wengi waliuza bei ikiwa chini na kununua bei ikiwa juu. Waliopewa mkopo wakati wa mavuno, ili wasilazimike kuuza, waliweka mahindi ghalani na wakafaidika. Lakini walipokuwa wengi mahali pamoja waliofanya hivyo, faida ya kila mmoja ilipungua. Sababu ni rahisi. Wengi wakizuia mahindi, bei ya mavuno haianguki sana, na bei ya baadaye haipandi sana. Ukitafakari utaona kwamba hata jirani ambaye hakukopa alipata nafuu hapo, maana naye aliuza kwa bei isiyoanguka sana.

KULIPA ILI UWEKE AKIBA

Kitabu kingine ni kidogo, kilitoka mwaka 2000, na kiliandikwa na Mwingereza Stuart Rutherford aliyekaa sana Bangladesh. Kinaeleza jinsi maskini wanavyotunza fedha. Kuna habari ndani yake ambayo tukiisimulia katika madarasa huleta kelele.

Huko Vijayawada, mji wa India, kuna mama aliyekuwa akipita nyumba kwa nyumba katika mtaa wa watu maskini kukusanya akiba. Kila mteja alikuwa na kadi yenye visanduku 220. Kila siku mteja akitoa, tuseme, rupia 5, mama anaweka alama katika kisanduku kimoja. Kadi ikijaa mteja ametoa rupia 1,100. Halafu anarudishiwa ngapi? Rupia 1,000. Zile 100 ni ujira wa mama.

Hapo ndipo darasa hulipuka. "Huo ni wizi!" "Benki huongeza, huyu anapunguza!" Lakini waulizeni wateja wake. Walikuwa wakimngoja mlangoni. Benki ilikuwa mbali na haitaki rupia 5. Nyumbani fedha haikai. Huyu mama akipita kila siku, rupia 5 zinatoka kabla hazijaliwa, na mwisho wa kadi kuna fedha ya kutosha kulipia ada ya shule. Walikuwa wananunua kitu: kuondolewa fedha mikononi mwao na mtu wanayemwamini. Ghana wapo wakusanyaji wa namna hiyo, huitwa wa susu, na mara nyingi ujira wao ni mchango wa siku moja katika mwezi.

Sisi hatusemi mama wa kadi ni njia bora. Akihama mji, umekwisha. Hapa kwetu kuna upatu, kuna vikundi vya kuweka na kukopa vyenye sanduku la kufuli tatu na funguo tatu kwa watu watatu. Kikundi chenye kufuli tatu hakimkati mtu ujira kama yule mama, na faida ya mikopo hubaki kwa wanachama. Lakini kufuli hizo tatu zina maana ile ile ya kadi. Mwanachama anajifunga mwenyewe, kwa hiari, asije akaifikia fedha yake siku ya udhaifu.

KILO YA DENGU

Turudi kwa Banerjee na Duflo. Katika wilaya ya Udaipur, India, chanjo ilikuwa ya bure, lakini watoto waliomaliza chanjo zote walikuwa 6 tu katika kila 100. Zikawekwa kambi za chanjo vijijini, kwa siku inayojulikana, na mhudumu hakosekani. Wakafika 17. Halafu katika vijiji vingine ikaongezwa kilo moja ya dengu kwa kila chanjo, na seti ya sahani za chuma kwa anayemaliza zote. Wakafika 38.

Wako waliokasirika. Walisema huko ni kuwahonga wazazi wafanye lililo wajibu wao. Waandishi wanajibu kwamba gharama ya kila mtoto ilishuka, maana mhudumu analipwa siku nzima, aje mtoto mmoja au waje ishirini. Sisi tunaona jambo jingine zaidi. Mama wa Udaipur hakuikataa chanjo. Alisema ataenda kesho. Kesho ikawa na kuni, keshokutwa ikawa na palizi. Dengu ilimpa sababu ya kwenda leo. Ni jambo lile lile la mbolea: faida iko mbele na shida iko leo.

Kitabu hicho hicho kinamtaja mtu mmoja wa kijijini Morocco. Alisema chakula hakimtoshi. Lakini nyumbani kwake kulikuwa na televisheni na dishi lake. Wageni wakamuuliza sababu. Akacheka, akawaambia kwamba televisheni ina maana kuliko chakula. Msomaji wa mjini anaweza kumcheka. Aliyekaa kijijini miezi isiyo na kazi, jua likizama saa kumi na mbili na hakuna pa kwenda, hatamcheka. Furaha nayo ina fungu lake katika matumizi ya nyumba, na mpango wa akiba usioliachia fungu hilo hata kidogo hauendi mbali.

FAINI INAYOGEUKA BEI

Kitabu cha tatu kinaitwa Freakonomics. Kilitoka Marekani mwaka 2005 na kiliuzwa nakala mamilioni. Waandishi ni Steven Levitt, aliyekuwa mwalimu wa chuo kikuu cha Chicago, na Stephen Dubner, mwandishi wa habari. Mambo yake mengi ni ya huko kwao, na mengine tunayaona ni ya kuchangamsha tu. Lakini moja linatuhusu.

Katika mji wa Haifa, Israeli, wachunguzi wawili waliangalia vituo 10 vya kulelea watoto. Wazazi wengine walichelewa jioni kuwachukua watoto, na mlezi akalazimika kubaki. Katika vituo 6 ikawekwa faini ndogo, shekeli 10, kwa atakayechelewa zaidi ya dakika 10. Vituo 4 viliachwa kama vilivyokuwa. Unadhani nini kilitokea? Kule kwenye faini, wachelewaji waliongezeka, mpaka wakawa karibu mara mbili.

Kabla ya faini mzazi aliona haya kumchelewesha mlezi. Baada ya faini, haya ya nini? Amelipa. Faini imekuwa bei, naye amenunua dakika zake kama mtu anunuavyo sukari. Na faini ilipofutwa, wazazi waliendelea kuchelewa vile vile.

Sasa fikirini msaragambo wa kutengeneza barabara. Kijiji kinasema asiyefika atatoa shilingi elfu mbili. Mwenye duka anamtuma kijana na elfu mbili, na duka linabaki wazi. Asiye nacho anakuja na jembe. Baada ya muda, barabara inalimwa na maskini peke yao, nao wanaanza kuulizana.

Je, faini haifai kabisa? Sivyo. Mama mmoja wa Marekani, Elinor Ostrom, aliandika mwaka 1990 kitabu juu ya malisho, misitu na mifereji inayotumiwa na watu wengi pamoja. Si chepesi kusomeka, tunakubali. Mwaka 2009 alikuwa mwanamke wa kwanza kupata Nobel ya uchumi. Anaeleza kijiji cha Törbel, Uswisi, ambako tangu mwaka 1517 kulikuwa na sheria kwamba mtu asipeleke malishoni ng'ombe wengi kuliko anaoweza kuwalisha wakati wa baridi. Msimamizi wa faini alichukua nusu ya faini, kwa hiyo hakusinzia. Huko Valencia, Hispania, wakulima wa mifereji wana baraza lao la maji, hukutana kila Alhamisi mlangoni mwa kanisa kuu. Na katika vijiji fulani vya Japani, aliyekamatwa akiiba majani ya msitu wa kijiji aliweza kudaiwa pombe ya mchele na walinzi waliomkamata. Kinachofanana kote, anasema, ni kwamba sheria walizitunga watumiaji wenyewe, walilindana wenyewe, na adhabu ilianza ndogo ikapanda kwa anayerudia. Wenzetu wa Kilimanjaro wenye mifongo hawatashangaa kusoma hayo.

WANAOVIPINGA VITABU HIVI

Wapo wataalamu wasiokubaliana na kazi za akina Duflo. Mmoja ni Angus Deaton, ambaye naye alipata Nobel, mwaka 2015. Anasema jaribio la mahali pamoja halikuambii lazima kitakachotokea mahali pengine. Wengine wanasema vitabu hivi vinamtazama sana maskini, anavyoahirisha na anavyosahau, na kuyaacha makubwa: barabara, bei, ardhi, na nani ana nguvu ya kupanga hayo.

Tunaona hoja hizo zina uzito. Mkulima akinunua mbolea mapema, na lori la mazao lisifike kwa sababu daraja limevunjika, hati ya mbolea haitamsaidia. Lakini daraja halijengwi na nyumba moja, na fungu la mbolea laweza kutengwa na nyumba moja wiki hii. Yote mawili ni ya kudai, kila moja mahali pake.

KAZI YA KIKUNDI

Mmoja asome kwa sauti sehemu ya "Gunia lililopotea". Halafu kila mtu aandike katika daftari bei ya gunia kijijini kwenu wakati wa mavuno yaliyopita, na bei ya mwezi ambao chakula kilikuwa adimu. Pigeni hesabu: aliyeuza magunia 5 wakati wa mavuno angeweza kununua mangapi baadaye?

Kisha jadilianeni. Nani kijijini angeweza kuuza mbolea wiki ya mavuno: duka, chama cha ushirika, au kikundi chenyewe? Nani angetunza hati, na akikataa kutoa mbolea mtamfanya nini? Waume kwa wake wajibu kila mmoja kwa zamu yake, maana mara nyingi anayeuza mahindi siye anayekwenda kuyanunua tena mwezi wa njaa.

Swali la mwisho ni kwa vijiji vyenye faini ya msaragambo au ya mkutano. Tazameni daftari la faini la mwaka mzima. Majina yanayorudi ni ya nani?